Makoti ya Mlimani

Mlimani, tarehe 3 mwezi wa pili

Dada,

Shikamoo, na nyingine mpe Mama. Mimi mzima, ukiacha miguu, na miguu yangu unaijua. Suruali ya mtu yeyote huku inaniishia chini kidogo ya goti. Jina la Mlingoti nilidhani nimeliacha nyumbani, kumbe lilinitangulia.

Barua hii anakuletea Mama Mkaa ndani ya gunia lake. Mwamini. Ndiye anayetupandishia kiberiti na kutushushia habari, na askari wa vizuizini hawapendi kuchafua mikono kumpekua.

Dada, huku kuna baridi. Wiki iliyopita mlinzi wetu mmoja alikutwa asubuhi amekaa vilevile, bunduki mapajani, amekufa. Tulimzika na blanketi lake. Halafu Dereva akasema tulifukue, maiti hasikii baridi. Tukalifukua, na ndilo ninalojifunika mimi. Dereva ndiye mkubwa wetu. Alikuwa na lori lake kabla watu wa Gavana hawajamnyang'anya na kumpiga risasi mwanawe pale kizuizini. Si mtu mbaya, ila amekauka.

Ninachoomba ni makoti. Tuko wanane katika kikosi changu na mvua zinakuja. Yawe meusi, Dada, si kijivu wala bluu. Walinzi wa juu wana amri kwamba chochote cha kaki, rangi ya askari wa kambi ya Gavana, kinachopanda mlima kinapigwa risasi kabla ya salamu.

Usihofu kuonekana unatusaidia sisi. Wa kuhofu ni wale wanaosaidia upande wa pili. Yule msaga unga wa njia panda, aliyekuwa akiwasagia kambini, Dereva amempiga risasi mbele ya mashine yake. Alilia kwamba alilazimishwa. Dereva akamwambia, "Anayelisha kambi na anayevisha kambi, wote wameshika bunduki." Mimi nilishika kamba ya punda wake mpaka kazi ikaisha.

Mdogo wako,
Mlingoti


Dukani, tarehe 9 mwezi wa pili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama naye kaitikia, tena kwa sauti kubwa, kama vile uko chumba cha pili. Anasema uvae soksi mbili mbili. Nimemwambia huenda huna hata moja, akanijibu basi avae hiyo moja mara mbili.

Makoti utayapata. Kazi ipo kidogo kidogo, kugeuza kola na kupunguza magauni ya watu waliokonda. Siku hizi mji mzima unapunguziwa nguo. Kitambaa cha makoti nimekipata kwa mfanyabiashara aliyefunga duka akakimbia. Rangi yake si nzuri, lakini Mama atakipika kiwe cheusi kama masizi. Usiulize zaidi ya hapo. Fundi haulizwi kitambaa, anaulizwa lini kitakuwa tayari.

Habari ya msaga unga sikumsomea Mama. Alikuwa akija hapa kushonewa aproni na hamalizi kusalimia kabla hajatutania. Je, kweli hakulazimishwa? Nauliza tu.

Nina vipimo vyako kichwani, ila kama umekonda niambie.

Dada yako


Dukani, tarehe 10 mwezi wa pili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Kwako siwezi kusema uongo, kwa sababu tangu utoto ulikuwa unanikamata kabla sijafungua mdomo. Kwa hiyo nisikilize, halafu ugombe.

Mwezi wa kwanza alikuja sajini wa stoo ya kambi na askari wake. Aliweka bunduki juu ya meza ya kukatia, juu ya gauni la mteja, akaangalia cherehani zetu moja baada ya nyingine. Akasema, "Ama zishone kaki, ama zipande lori." Mama alikuwa amekaa palepale akifumua mishono. Shangazi, nilichukua chaki nikaanza kukata. Tangu siku hiyo nawashonea askari. Majirani wanajua na wananyamaza, maana kila mmoja ana kitu anachokifanyia kambi.

Sasa Mlingoti yuko mlimani na anaomba makoti. Kitambaa mjini hakuna, hata cha sanda. Ninachofanya ni hiki: kaki ya kambi naikata kwa kubana sana, na vipande vinavyobaki namwambia sajini ni matambara ya kufutia bunduki. Navificha. Mgongo wa kila koti naunga vipande vitatu, mikono viwili viwili. Ni kazi ya ombaomba, lakini litavalika. Mama ataitia rangi nyeusi.

Shida ni chumvi. Unajua rangi ya unga bila chumvi haishiki, inakaa juu juu tu. Na chumvi mjini imekwisha tangu hao wa mlimani walipofunga barabara. Ng'ambo yako ya mto najua ipo. Nitumie, tafadhali, kwa njia yoyote.

Mlingoti sijamwambia kitu. Akijua nawavisha kambi, sijui ataniangaliaje. Na wakubwa wake wakijua, najua kabisa.

Binti yako


Ng'ambo ya mto, tarehe 17 mwezi wa pili

Wewe binti wa kaka yangu,

Marahaba, ingawa naiandika kwa hasira. Huku unashonea fisi, kule unashonea chui, na katikati umemkalisha mama yako na macho yake mabovu. Baba yako angekuwa hai angekunyang'anya mkasi.

Chumvi nimekutumia. Nimeifunga katika kitambaa changu cha maua nikamkabidhi mwenye lori la sabuni, mtu wa heshima, ameiweka chini ya kiti chake. Anaondoka Ijumaa. Mpe chai akifika.

Lakini mwambie mdogo wako ukweli. Unaogopa atakuangaliaje? Mwache akuangalie vibaya, atazoea, ndugu huzoeana. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwambie kabla hajavaa hilo koti.

Shangazi yako


Mlimani, tarehe 2 mwezi wa tatu

Dada,

Shikamoo kwenu wote. Tumekamata lori la sabuni. Magunia kwa magunia, na mlima mzima hauna mtu anayetamani kuoga kwa baridi hii. Kicheko, rafiki yangu wa hapa, anayecheka hata akitolewa mwiba, anasema sasa tutapigwa risasi tukiwa tunanukia. Chini ya kiti tulikuta kifurushi cha chumvi kimefungwa kwa kitambaa cha maua, fundo la kizee lile lisilofunguka ila kwa meno. Tuliilamba kama mbuzi. Sikujua kama nilikuwa na hamu ya chumvi kiasi kile.

Mwenye lori alikimbia, akapigwa mgongoni. Hakufa haraka. Dereva alikaa naye pembeni ya barabara mpaka mwisho, wakizungumza habari za magurudumu na matope. Halafu akainuka akasema tushushe mzigo.

Uliuliza kama msaga unga alilazimishwa. Alilazimishwa, Dada. Kila mtu aliyekuwepo alijua, na Dereva alijua kuliko wote. Nimelifikiria sana jambo hili na sina wa kumwambia ila wewe. Tulipopanda huku tulikuwa na madai yetu, mashamba na watoto waliokufa. Siku hizi nikilala najiuliza leo tumemwibia nani.

Mvua zikipita nashuka. Kuna njia ya kupitia mashimo ya machimbo, naijua. Nitakaa hapo dukani nyuma ya pazia, nitakushikia pasi, na Mama atanigombeza mpaka azeeke upya. Usimwambie bado, asije akaanza kupika.

Mlingoti


Dukani, tarehe 20 mwezi wa tatu

Mdogo wangu,

Makoti haya hapa, chini ya mkaa uliobaki bila kuuzwa, na kwa weusi wake hata Mama Mkaa mwenyewe hakuyatofautisha na mzigo. Lako ni lile lenye mikono mirefu kupita adabu.

Nimesoma mara nyingi ile sehemu ya kushuka. Nilikaa kwenye kiti cha cherehani nikalia, Mama akauliza nini, nikasema sindano. Njoo. Usingoje mvua ziishe kama unaweza kuja kabla. Pazia nimeshafua.

Mama alipika rangi uani kwa pipa zima. Chumvi tuliyoitegemea haikufika, hivyo ametia siki yote ya nyumbani na ya jirani, akakoroga kutwa nzima hataki nimsaidie. Koti la kwanza lilipokauka alilisugua kwa kidole gumba, kidole kikatoka safi, akasema, "Imeshika." Mimi nani nibishane naye, alianza kutia rangi kabla sijazaliwa. Hata hivyo msiyafue.

Kuna jambo langu nataka kukwambia. Nimeanza kuliandika hapa mara kadhaa nikafuta. Nitakwambia ana kwa ana, wewe ukiwa umeshika pasi na huna pa kukimbilia.

Dada yako


Mlimani, tarehe 4 mwezi wa nne

Dada,

Naandika haraka, Mama Mkaa anasubiri.

Makoti yalikuwa mazuri. Tulitembea nayo kama watu wenye kwao. Jana mvua ilitukuta bondeni na hatukuwa na pa kujikinga. Maji meusi yalikuwa yanatutiririka mpaka kwenye viatu, tukachekana. Kicheko alisema tumeoga dhambi. Tulipofika juu, walinzi walituona wakapiga bila kuuliza. Kicheko amekufa. Nilipomgeuza, mkono wake wote ulikuwa kaki.

Nimekielewa kitambaa, Dada. Na jambo ulilotaka kuniambia nimelielewa. Sina hasira. Nilikaa pale karibu na Kicheko nikaona nimekaa tena na kamba ya punda mkononi, ila safari hii aliye mbele ya mashine ni wewe.

Kesho Dereva anatukusanya wote. Shika maneno haya na umfundishe Mama: kitambaa nilikuletea mimi, kikiwa tayari kimetiwa rangi. Wewe ulishona tu. Hukujua kimetoka wapi. Akija yeyote, wa kambi au wa huku, sema hivyohivyo. Usiniandikie mpaka nikuandikie mimi. Nakuomba unitii mara hii moja, hata kama wewe ndiye mkubwa.

Mlingoti


Dukani, tarehe 15 mwezi wa nne

Shangazi,

Shikamoo. Rangi ilichuja. Mwenzake mmoja amepigwa risasi na watu wao wenyewe kwa ajili ya kaki yangu. Mlingoti ameniagiza nisiandike, na nimemtii. Mama Mkaa alikaa hapa dukani akisubiri jibu, nikaandika, nikachana, nikaandika tena. Nilitaka kusema: waambie ni mimi dada yako, mtupie mzigo mwenye nao. Mwisho nikamwambia hakuna barua. Akaondoka na magunia yake matupu.

Najipa moyo kwamba Mlingoti hajawahi kukosa la kusema. Utotoni alikuwa akivunja kikombe, ukimaliza kumsikiliza unaona kikombe ndicho chenye makosa. Ataongea na yule Dereva watacheka, yataisha. Ndivyo ninavyomwambia Mama. Anaosha pipa la rangi kila siku, na limeshatakata.

Binti yako


Mlimani, tarehe 18 mwezi wa nne

Kwa fundi cherehani,

Mimi si mwandishi, nitakwambia yaliyopo. Ndugu yako ameuawa kwa amri yangu. Alikuwa msaliti.

Nilipowakusanya watu alisimama kabla sijauliza. Alisema kitambaa alipewa na sajini wa stoo, na malipo yake yalikuwa kumwonyesha njia ya chemchemi yetu. Nilimuuliza, dada yako alijua? Akasema hapana. Nikamuuliza tena. Akasema, "Dada yangu hajui kitu ila kushona, na kushona kwenyewe ndiko huku, tazameni." Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Baadaye tukampeleka nyuma ya zizi.

Sikupenda. Alikuwa akinichekesha, na huku hakuna mwingine. Lakini mtu wangu amekufa amevaa nguo ya adui, na siwezi kupita hapo kama sijaona.

Wewe hutaguswa, wala mama yako. Hiyo ni ahadi yangu. Ila kwa kawaida yetu, jina lake kamili na kosa lake vimebandikwa ukutani sokoni, ili kila mtu ajue aliyeuza mlima. Msibandue.

Dereva


Ng'ambo ya mto, tarehe 28 mwezi wa nne

Binti yangu,

Habari imenifikia, na la karatasi ya sokoni pia. Nimelia mpaka majirani wamekuja.

Nakujua. Najua sasa hivi umekaa na kalamu. Iweke chini. Yeye alikufa ili ninyi mbaki, na ukiandika utakuwa umemwagia maji jasho lake lote. Najua mimi ndiye niliyekwambia sema ukweli. Nilisema wakati ukweli ulikuwa na wa kumfaa. Sasa hauna. Watakuita dada wa msaliti, watakutemea mate dukani, vumilia. Mate yanakauka. Vumilia kwa ajili ya mama yako, halafu mfunge mizigo mje kwangu.

Shangazi yako


Dukani, tarehe 6 mwezi wa tano

Kwa Dereva,

Barua yako ilifika na mwanamke aliyeileta hakutaka kukaa. Siku hizi hakuna anayekaa. Wateja wanachukua nguo zao zikiwa nusu, na jana mtu alimwita Mama "mzaa msaliti" akiwa amebeba ndoo ya maji, na hakuna aliyemtua ile ndoo.

Mdogo wangu hakukuuza. Kitambaa ni changu. Ninawashonea kambi tangu mwezi wa kwanza, na yale makoti niliyashona kwa masalia ya kaki yao. Yeye aliniomba makoti tu. Nilimwambia kitambaa nimekipata kwa mfanyabiashara aliyekimbia, akaniamini, kwa kuwa mimi ni dada yake. Alipojua, mvua ilikuwa imeshanyesha.

Kama huniamini, chukua koti lolote lililobaki huko uligeuze. Mgongo nimeuunga kwa vipande vitatu, mikono kwa viwili. Mtu aliyeuza mlima mzima kwa sajini angepewa angalau jora la kitambaa. Hakuna anayemlipa msaliti kwa matambara. Na hiyo chemchemi yenu, ni askari gani amefika hapo mpaka leo? Angalia mwenyewe, huhitaji kuniamini mimi.

Rangi haikushika kwa sababu haikuwa na chumvi. Chumvi yetu ilikuwa njiani, imefungwa kwa kitambaa cha maua, chini ya kiti cha lori la sabuni. Unalikumbuka lori hilo, na mwenye lori ulikaa naye mpaka mwisho. Mdogo wangu aliniandikia jinsi mlivyoilamba.

Umeniahidi hutanigusa. Nakurudishia ahadi yako, sina kazi nayo. Uliwahi kusema anayevisha kambi ameshika bunduki. Basi mwenye bunduki ni mimi na nimekaa hapa, sikukimbia, mlango wa duka uko wazi tangu asubuhi hadi jioni. Ninachotaka ni kitu kimoja: ibandue ile karatasi. Njoo mchana, siku ya soko, uibandue kwa mkono wako watu wakiona, useme kwa mdomo wako kwamba mtoto yule hakuwa msaliti. Ukishasema, vuka barabara. Duka letu linatazamana na huo ukuta.

Shangazi yangu alinikataza kuandika. Nilimsomea Mama barua yake, kisha nikamsomea yako, maana nilikuwa nimemficha kwamba Mlingoti alisimama mwenyewe. Halafu akasogeza kiti chake mpaka hapa mezani, akanishika mkono wenye kalamu akasema, "Andika."

Anataka niongeze hili kwa maneno yake mwenyewe: aliyepika rangi ni yeye, na ndiye aliyesema imeshika. Anasema tuko wawili. Msije mkaua mmoja mkarudi zenu mkidhani mmemaliza.

Dada yake Mlingoti,
fundi cherehani